Kumbe macho yangu ni mazima

Wiki tatu natoka steshenari hapa Kirumba kichwa kinagonga. Maandishi kwenye kompyuta yana ukungu, kama unatazama ziwa asubuhi ya mvua. Nikajua ni macho. Nikaanza kutenga hela ya miwani.

Leo mchana kijana wa chuo kaja kuprinti barua. Akaangalia skrini.

"Dada, mbona Jiwe la Bismarck limenenepa?"

Ile picha ya lile jiwe la ziwani hapa Mwanza niliiweka mwenyewe kwenye skrini, naiona kila siku. Kweli, jiwe limetandazika kama chapati.

Akaomba mausi, akafungua mipangilio ya skrini. Rezolusheni, ile idadi ya nukta (pikseli) zinazounda picha, ilikuwa 1024 kwa 768, wakati skrini yenyewe ina pikseli 1920 kwa 1080. Yaani picha ya nukta laki 7 na ushee inavutwa ijaze nukta zaidi ya milioni 2. Lazima ififie. (Nadhani ilibadilika siku fundi alipoweka Windows upya.)

Akarekebisha. Jiwe likasimama!

Herufi zikawa safi ila ndogo, nikataka arudishe. Akakataa. "Rezolusheni iache, ongeza ukubwa wa maandishi." Akaweka asilimia 125.

Nikaona ule mstari mwembamba wa maji pale chini ya jiwe, ambao sijauona wiki zote hizi. Machozi yakanilenga, jamani. Mama nilishamwambia macho yangu yanaisha.

Nyie mnaoshinda kwenye kompyuta, hebu fungueni mipangilio sasa hivi. Yenu imeandika ngapi? Niambieni hapa chini.