Matairi ya theluji: hesabu ilikubali, kalipa ikagoma

Wiki ya kwanza

Asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 5, na gari likaserereka kwenye kona ninayoipita kila siku. Matairi si vipara, meno yana milimita 5 bado. Shida ni mpira wenyewe: ule wa kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, theluji iwepo isiwepo. Basi nanunua seti ya pili pamoja na rimu zake, nisiwe navua na kuvika matairi kila msimu.

Ubavuni pameandikwa 225/45 R17 91W. Upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani 101.25, na rimu ni inchi 17, sawa na milimita 431.8. Rimu na mbavu zote mbili zinanipa kipenyo cha 634.3. Namba hiyo ndiyo ya kuchunga. Ukiipotosha sana, kipima mwendo kinadanganya, na tairi likizidi linaweza kukwangua bodi unapokata kona.

Nilitaka tairi jembamba. Najua, tumezoea kuamini kwamba pana ndilo linaloshika barabara. Kwenye theluji laini na tope lake mambo yanageuka: uzito uleule ukibanwa kwenye upana mdogo, tairi linakata kwenda chini badala ya kuelea. Nikapiga hesabu ya saizi mbili. 205/55 R16 inatoa 631.9. 195/65 R15 inatoa 634.5, tofauti ya milimita 0.2 tu! Nikajiona fundi.

Wiki ya pili

Ufundi uliishia hapo. Niliazima rimu moja ya inchi 15, nikapiga jeki, nikavua gurudumu la mbele. Rimu iliingia nusu, ikagota. Nikaizungusha kwa mkono, nikasikia chuma kikisaga chuma: mgongo wa kalipa ya breki, kile kifaa kinachobana diski, umegusa ndani ya rimu na kuacha mchirizi mweupe kwenye rangi. Hesabu ya kipenyo haijui kuna breki humo ndani.

Safari hii nilikata boksi kwa umbo la kalipa, nikaenda nalo kwenye rimu ya inchi 16. Kati ya boksi na rimu kidole kilipita. Kwa hiyo ni 205/55 R16. Pungufu ya milimita 2.4 haifiki hata nusu asilimia. Faida nyingine ni ubavu mrefu zaidi, utakaovumilia mashimo yaliyojificha chini ya theluji.

Rimu yenyewe ina mambo yake: matundu 5 kwenye duara la milimita 112, tundu la katikati, ET (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapoegemea kitovu), na umbo la kichwa cha bolti. Bolti za rimu zangu za zamani zina kichwa cha mviringo, hizi mpya zinataka chenye umbo la koni. Ukichanganya, utazikaza mpaka uchoke na bado zitalegea.

Wiki ya tatu

Nimenunua 91H. Hiyo 91 ni mzigo wa hadi kilo 615 kwa kila tairi, sikutaka ishuke. H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa, na kitabu cha gari kinaruhusu herufi ya chini kwa matairi ya theluji. Nilikagua alama ya mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake, maana hiyo hutolewa baada ya tairi kujaribiwa. M+S (matope na theluji) peke yake haidai jaribio lolote. Nikasoma na tarehe: tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na DOT, wiki kisha mwaka wa kutengenezwa.

Yote manne yamefungwa. Moja nilikuwa nimeliweka upande usio wake, mshale wa mwelekeo wa kuzunguka ukitazama nyuma; nikarudia. Upepo nimejaza matairi yakiwa baridi.

Kilichobaki ni kukaza bolti tena baada ya kilomita 50. Yale ya kiangazi nimeyaandika kwa chaki: mbele kushoto, mbele kulia, na kadhalika. Mwaka jana sikuandika.