Siku Moja Maishani Mwangu: Msaidizi wa Kisheria, Mbagala, Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi nipo kwenye daladala, nimesimama, simu imeshaanza kuita. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, ila sisi si mawakili, mahakamani hatusimami. Mtaani naitwa mvunja ndoa. Nimezoea.

Saa 2 mpaka saa 4: mirathi, mpaka wa kiwanja, chai.

Saa 4 na nusu akaingia dada mmoja, mtandio umeficha nusu ya uso. Akaanza na sufuria ya wali, akarukia Idi ya mwaka jana, akarudi kwenye sufuria. Tarehe hakumbuki, rangi ya kanga aliyovaa anaikumbuka. Aliyepigwa akiwa na hofu mara nyingi hukumbuka vipande vipande. Polisi lakini wanataka siku na saa, na wakili wa mshtakiwa akiona tarehe zinapishana, basi mwongo ni yule aliyepigwa. Kwa hiyo namwacha azunguke, napanga baadaye, namsomea, anasahihisha.

Hatujafika nusu, huyo kaka wa mume. Hapo saa nikaacha kuitazama.

"Dada yangu, haya tumeshayamaliza kifamilia. Mila zetu zinajulikana."

Nikamwambia, shemeji, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikiruhusu. Akacheka. Akaniuliza kama nimeolewa. Akajikalia kwenye benchi, na kila akikohoa yule dada ananyamaza. Mwenzangu ikabidi amtoe kwa ahadi ya soda (ya hela yangu).

Ndipo dada akauliza: mume akifungwa, kodi ya chumba atalipa nani? Halafu watu husema anarudi kwa sababu anapenda kipigo! Wengi huumizwa vibaya zaidi pale wanapojaribu kuondoka. Tukapanga kwanza atalala wapi, na vyeti vya watoto vikae kwa mama yake mdogo.

Mchana sikula. Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, foleni, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), hospitali, foleni nyingine. Kenya wana sheria ya ukatili wa nyumbani tangu 2015, mahakama inaweza kumzuia mume asimsogelee. Sisi tunaangukia Kanuni ya Adhabu, shambulio la kudhuru mwili, na akipata dhamana analala nyumbani kwake.

Giza limeingia, miguu imevimba, simu tena. Shemeji. Namba yangu kaitoa wapi sijui. Nikamtumia kifungu cha 66 chote, neno kwa neno.