Mama wa jua anayepikia makala: siku yangu moja kutoka Katuba

Saa kumi na moja alfajiri. Umeme ulikatika jana jioni nikiwa nasonga bukari, ugali wetu, na haujarudi. Kazi yangu ni kusaidia vijiji kupanga umeme wao wenyewe wa jua, lakini asubuhi yangu huanzia uani, hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, nikipepea mbabula, jiko la makala, yaani makaa. Simu ina chaji asilimia 14. Jirani akinikuta hivi hanisamehe: "Mama wa jua, leo jua lako limelala wapi?" Nacheka, sina jibu.

Makala haya niliyanunua kwa kijana aliyesukuma magunia matatu kwa baiskeli usiku kucha. Alitoka kijiji kilekile ninachokwenda leo, upande wa barabara ya Likasi.

Saa moja. Basi dogo, watu wanne kwenye kiti cha watatu. Kijana fundi ninayefanya naye kazi amepakata mita ya umeme kama mtoto. Mimi nimebeba daftari, kamba ya kupimia, na kilo mbili za maharagwe. Kondakta anauliza kama ndiyo mchango wa msiba.

Saa tatu. Tunafika, tunamsalimu shefu wa kijiji, tunakaa, tunaulizwa habari za mjini, tunaulizwa tena. Usikimbize hatua hii. Niliwahi kuikimbiza mahali fulani, mkutano mzima ukaenda kwa kununa. Juu ya mashamba zinapita nyaya za umeme mkubwa, nguzo za chuma moja baada ya nyingine hadi macho yanachoka. Kila mgeni huulizwa: kwa nini tusichote hapo? Fundi anaeleza kwamba umeme ule ni wa maelfu mengi ya volti, na kuushusha kunahitaji kituo cha transfoma ambacho gharama yake ingenunua kijiji kizima. Mzee mmoja anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Basi unapita tu kama gari la mkubwa."

Saa nne. Sasa maharagwe. Zamani nilikuwa nakuja na fomu: una taa ngapi, redio ngapi. Watu wanajibu wanachodhani unataka kusikia. Siku hizi kila kaya inapewa punje 20, umeme wao wa siku moja. Punje moja ni wati 5 kwa saa moja, yaani taa ndogo ikiwaka saa moja. Kujaza simu ni punje mbili. Televisheni ya wati 40 inakula nane kila saa. Nimechora vitu hivyo kwenye makaratasi chini ya mwembe, na kila mtu anakwenda kuweka punje zake.

Waume wanaanza kwa televisheni, mpira wa saa mbili, punje 16 zimekwisha. Wake zao wanawatazama. Mama mmoja anachukua punje za mumewe bila kusema neno, anazihamishia kwenye taa ya jikoni na taa ya nje ya choo. Watoto wanapiga makofi. Halafu msichana aliyesomea mjini anauliza pasi inakula ngapi. Pasi ya wati 1,000, nusu saa: punje 100. Kicheko kinaanzia mbele kinafika nyuma. Kaya tano zifunge siku nzima ili mtu mmoja anyooshe shati!

Kicheko kinapotulia, mama mwingine, mwenye mikono myeusi ya kazi ya makala, anauliza na kupika je. Namwambia ukweli: reshoo, jiko la umeme, kwa saa mbili ni punje 400. Mradi huu hautapika. "Kwa hiyo mnatuletea taa tuone vizuri wakati tunakata miti," anasema. Hakusema kwa hasira. Miombo, misitu ya hapa, imerudi nyuma mpaka wanatembea nusu siku kufika kwenye tanuri la makala, na wateja wa tanuri hilo ni sisi wa mjini ambao umeme unatukatikia. Naandika swali lake kwenye daftari, ukurasa wa peke yake. Tunazungumza kuhusu mbabula za udongo zinazobana moto, kuhusu kuacha visiki vichipue badala ya kuving'oa, maana miti mingi ya miombo huota tena kisikini ikiachwa. Ni kidogo, najua.

Saa sita. Hesabu. Kaya 62 mara punje 20 mara wati 5: wati-saa 6,200 kwa siku. Betri za madini ya risasi, kama za gari, usizinyonye kupita nusu, vinginevyo zinazeeka mapema. Kwa hiyo unahitaji zenye uwezo wa wati-saa 12,400 angalau, na ukitaka siku moja ya akiba kwa mawingu ya Januari, mara mbili yake. Paneli zitatazama kaskazini, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Kiangazi kuna vumbi na moshi wa nyika zinazochomwa, lazima mtu azifute. Bukari na kapenta, samaki wadogo wakavu, vinaletwa, kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, kinazunguka, hesabu inasimama.

Saa nane. Kinu cha mahindi. Mwenye kinu anataka aachane na mazuti, yaani dizeli. Mota ya nguvu za farasi 10 ni kama wati 7,500, na wakati wa kuwaka inaweza kuvuta mara tano hadi saba ya hapo. Betri za taa zingelia. Fundi anashauri kinu kiwe na paneli zake, bila betri, na kifaa cha kuwasha mota polepole: kinasaga jua likiwa kali, jua likishuka kinalala. Mwenye kinu anakuna kichwa. Wateja wake wanakuja jioni, wakitoka shambani. Akina mama wanamwambia watakuja saa tano, kama bei itapungua. Mashauriano hayo nawaachia.

Saa tisa. Kilichobaki ndicho kizito: nani atashika ufunguo wa chumba cha betri, na nani atalipa betri za pili. Tangu sheria ya umeme ya Juni 2014, si lazima kungoja shirika la umeme la taifa, lakini sheria hainunui betri. Nawasimulia kosa langu. Kijiji kingine, miaka ya nyuma, niliwauliza wanaume tu. Hakuna aliyetaja friza ya baa, kwa kuwa mwenye baa ndiye aliyekuwa na ufunguo. Masika ya pili nilikuta betri zimevimba ubavuni, vichwa vyake vimeota unga mweupe kama chumvi, na sanduku la mchango lina vifungo vya shati.

Kimya. Halafu wanabishana kwa saa nzima, na mimi nanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Mwishowe: kufuli mbili, funguo mbili, moja kwa mama mweka hazina, moja kwa fundi wa kijiji, mlango haufunguki bila wote wawili. Mchango utalipwa baada ya mavuno, si kila mwezi. Sikuwa nimefikiria hilo la mavuno.

Saa moja usiku. Katuba, giza. Nimerudi na maharagwe pungufu; watoto wamekula hesabu. Nawasha mbabula, nabandika yaliyobaki. Ikifika saa nne, kelele inatoka nyumba ya jirani, kisha nyingine, mtaa mzima: umerudi! Naacha sufuria, nakimbilia chaja, na jirani ananiwahi kwa ukuta: "Mama wa jua, leta pasi yako haraka kabla hawajakata!"