Shangazi, usitume hiyo namba!

Leo baada ya adhuhuri nimepita kwa shangazi hapa Langoni, Lamu, namkuta kainamia simu anasoma namba moja moja.

Kumbe kuna mtu kamwandikia WhatsApp kwa jina la jirani yake, eti wanamuingiza kwenye grupu la mgombea, atume tu ile namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa SMS.

Kidole gumba, hina ya juzi bado imekoza, kishafika kwenye kitufe cha kutuma. Nikamwambia shangazi hebu ngoja kwanza!

Ile namba ndiyo akaunti yenyewe jamani. Ukimpa mtu anaifungua kwa simu yake, wewe unatolewa nje, halafu anaanza kukopa pesa kwa watu wako wote kwa jina lako. Tukampigia yule jirani, yake ishachukuliwa tangu asubuhi, maskini.

Imeniuma sana. Uchaguzi ni Agosti 2027 na magrupu ya siasa tayari kila kona, watu wanaingizwa bila kuulizwa, na Sheria ya Kulinda Data tunayo tangu 2019. Namba ya simu ya mama wa watu si mali ya kampeni ya mtu!

Tumemwekea PIN pale pale, unaingia settings za WhatsApp, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, basi.

Wenzangu wa Shela, Matondoni, Faza, mumepata meseji kama hii? Na nyinyi nani kawaingiza kwenye magrupu bila ruhusa? Semeni hapa.