Chimaera, Zimwi Lenye Jina la Mbuzi
Nimekuwa nikisoma utenzi wa Homer uitwao Iliad, na katika kitabu chake cha 6 nimekutana na Chimaera, zimwi lililokuwa simba mbele, nyoka nyuma na mbuzi katikati, ambalo lilitema moto mkali hadi shujaa Bellerophon alipoliua. Kilichonigusa zaidi ni jina lenyewe, kwa kuwa katika Kigiriki cha kale lina maana ya mbuzi jike tu, na wataalamu wa lugha hulihusisha na neno la majira ya baridi, yaani mbuzi aliyemaliza baridi moja tangu azaliwe. Nashangaa sana kwamba hawakuliita kwa simba wala kwa nyoka, bali kwa mnyama wa zizini.

Kisa hicho kimewekwa Lycia, kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo, ambako Pliny Mkubwa, mwandishi wa Roma, aliutaja mlima uitwao Chimaera kuwa huwaka usiku na mchana. Karibu na kijiji cha Çıralı, gesi ya methani inayovuja katika nyufa za miamba bado inawaka, nami naamini kwa dhati kwamba ndiyo iliyolipa zimwi hilo moto wake.