Mbalamwezi si likizo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ziwa linakuwa limelala. Kutoka kwenye uwanja wa shule tunaofanyia mazoezi hapa Kirumba, Mwanza, tunasikia kelele za soko la samaki la Mwaloni, wapakizi wanavyoitana magunia ya dagaa yakipandishwa kwenye malori, lakini hewa yenyewe haitikisiki. Hiyo ndiyo hewa ninayoihitaji. Ikifika saa nne upepo wa ziwani unaanza kuvuma, na kwenye uwanja wa wazi mpira ulioenda juu unayumba. Ukikosa hujui kama umekosa wewe au ni upepo. Kwa hiyo kazi yote ya kutupa naimaliza kabla ya saa nne. Mbio za kwenye vilima na kunyanyua vyuma vinasubiri jioni.

Mimi ni mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu. Nacheza Ujerumani, daraja la tatu, ligi wanayoiita ProB. Mkataba wangu ni wa miezi tisa. Naripoti Agosti kwa maandalizi, mechi zinaanza mwishoni mwa Septemba, na Aprili ikiisha narudisha funguo za chumba cha klabu. Mshahara nao unaishia hapo. Mei, Juni na Julai ni zangu, najilisha mwenyewe.

Nikipita mtaani swali ni lilelile. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, umekuja likizo?" Najibu ndiyo kwa heshima, maana kumweleza mtu mzima njiani kwamba likizo hulipwa, na hii hailipwi, ni maneno marefu. Lakini hapa naomba niyaseme, hasa kwa vijana wanaoniandikia wakiuliza njia ya kufika Ulaya kwa mpira. Nafasi yangu ya msimu ujao siipati Ujerumani. Naipata au naikosa hapahapa, katika miezi hii mitatu ambayo hakuna anayenitazama.

Nalijua hilo kwa sababu nilishawahi kuikosa. Miaka mitatu iliyopita nilirudi nyumbani nikapumzika kweli. Kila Jumamosi harusi au sendofu, katikati ya wiki sato wa kuchoma na ndugu wa kila upande. Nilirudi Agosti nimeongezeka kilo nne na mtupo uleule nilioondoka nao. Klabu niliyokuwa nayo wakati huo ilinivumilia hadi Novemba, wakaniita ofisini, wakanishukuru, basi. Kibali changu cha kuishi kilitegemea mkataba. Wiki saba nililala kwenye kochi la rafiki nikisubiri simu ya wakala, na kila Jumapili mama akipiga nilimwambia mazoezi yanaendelea vizuri. Sitaki kurudia uongo ule.

Msimu uliopita nilipata mitupo huru 112 nikafunga 59. Mtu mrefu anayecheza chini ya ringi anapigwa sana, na mara nyingi akipigwa anapewa nafasi ya kutupa bure, hakuna mkono usoni, saa imesimama. Mimi nilikuwa nafunga nusu na kidogo. Timu pinzani zikalijua hilo. Dakika za mwisho walinikamata makusudi, na kocha akalazimika kunitoa. Aprili tulipoagana aliniambia bila kuzunguka: ukirudi unajua kutupa, nafasi yako ipo.

Siku ya pili baada ya kufika Mwanza nilikwenda uwanjani na futi ya fundi. Ringi inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka chini. Upande wa mbele hii ilikuwa 2.94, kwa sababu vijana wamening'inia miaka yote. Mstari wa mitupo huru unatakiwa uwe mita 4.60 kutoka usawa wa ubao, na huu uliochorwa na rangi nyeupe ulikuwa karibu zaidi kwa hatua nzima. Nilisimama pale nikiwaza. Ndipo nilipojifunzia. Mwaka 2009, Mtanzania Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kule NBA, ligi ya Marekani, nilikuwa darasa la tano, na mwaka huohuo nikaushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza, uwanja huuhuu. Mkono wangu ulijifunza umbali usio sahihi tangu siku hiyo. Nikamwita fundi wa kuchomelea kutoka Mabatini, akaja na ngazi, akainyoosha ringi na kuitia vyuma viwili vya kuishikilia kwa chini. Mstari tukaupaka upya.

Msaidizi wangu ni mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko kidato cha pili. Yeye anadaka mpira, anarudisha, anaandika kwenye daftari. Wiki ya kwanza aliniuliza, "Anko, kwani mpira wako unaingia vibaya wapi? Mbona unafika?" Ni swali zuri, na lilinichukua jioni nzima kulijibu.

Tatizo langu ni kwamba mpira unafika, lakini unafika umelala. Kiwiko kinafunguka nje, nguvu inasukuma mbele badala ya juu, na mpira unapita chini kama jiwe la kurushia embe. Nilimwambia alete sufuria ya mama. Nikaishika chini ya uso wake, akaangalia ndani: mdomo wa duara kamili. Nikaipandisha taratibu hadi ikawa karibu na usawa wa macho. "Sasa unaona nini?" Akasema mdomo umekuwa mwembamba kama wa kambare. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira una kama sentimita 24. Mpira ukishuka kwa nyuzi 45, uwazi unaoukuta mbele yake ni kama sentimita 32. Ukishuka kwa nyuzi 30 unabaki sentimita 22 na nusu, na hapo mpira wenyewe ni mkubwa kuliko mlango. Alichukua kalamu akapiga hesabu mwenyewe kwa sine, wamejifunza shuleni, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unabahatisha." Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna kocha aliyewahi kunieleza wazi namna hiyo.

Basi tulianza upya kabisa. Wiki mbili nzima sikusogea zaidi ya mita moja na nusu kutoka kwenye ringi. Mkono mmoja tu, kiwiko chini ya mpira, kifundo kinalegea mwishoni, vidole vinabaki vinaangalia ndani ya ringi mpaka mpira uguse chini. Mitupo 300 kila asubuhi. Watoto wa shule wakija mapema walisimama ukutani kushangaa, mtu wa Ulaya anatupa kutoka pale wanapotupia wao wa darasa la tatu. Bega lilikuwa linauma mahali ambapo halijawahi kuuma, na hilo lilinipa moyo, maana yake misuli mingine imeanza kufanya kazi.

Siku moja ilikwenda vibaya sana, mtupo wa zamani ukarudi, na mpwa akauliza kwa upole kama mtu mzima anaweza kubadilisha mkono wake. Nikamweleza habari za Karl Malone. Msimu wake wa kwanza NBA, 1985 hadi 1986, alifunga asilimia 48 tu ya mitupo huru, chini ya mimi. Msimu wa tatu alifika asilimia 70. Alipostaafu alikuwa amefunga mitupo huru 9,787, na hakuna mchezaji wa ligi ile aliyefunga mingi zaidi. Mpwa akaiandika namba hiyo kwenye jalada la daftari.

Jumapili moja ya Julai nilikwenda Igombe kumsalimia mjomba. Yeye ni mvuvi wa dagaa, na nilimkuta kakaa mchangani, nyavu imetandazwa magotini, sindano mkononi. Mbalamwezi ilikuwa imejaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inavutwa juu na watu wanasubiri giza. Nikamwambia, "Mjomba, na wewe uko likizo." Hakucheka. Alinionyesha tundu, linapita vidole viwili tu, akasema giza lililopita walivua usiku mzima na beseni hazikujaa, na hakujua kwa nini mpaka alipoitandaza nyavu mchana. "Kazi yangu ni hii," akasema. "Kule ziwani naenda kuchukua tu." Nilikaa naye mpaka jua likaegemea, nikimshikia uzi. Hakuuliza habari za Ujerumani. Aliuliza bega linaendeleaje.

Sasa natupa kutoka mita 4.60, lakini kwanza nakimbia uwanja mara nane kwenda na kurudi, kwa sababu kwenye mechi hakuna anayetupa akiwa amepumzika. Mia moja kila asubuhi. Daftari linasema: wiki ya kwanza kwenye mstari mpya 55, kisha 63, 61, 72. Wiki hii nimepata 81, 76, 84. Mpwa ndiye anayeandika tarehe na namba, mimi hata kalamu haniruhusu kuishika.

Naondoka Jumanne. Juzi usiku nilikuwa nimekaa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, mwezi umechelewa kutoka, na mbali ziwani taa zilikuwa zimeanza kujipanga, moja baada ya nyingine, hadi zikawa kama mji mwingine ng'ambo. Mjomba alikuwa miongoni mwao. Asubuhi mpwa alinigongea dirisha mapema kuliko kawaida, tukashuka uwanjani, tukaanza na ile ya mkono mmoja, mita moja na nusu kutoka kwenye ringi.