Radoni kwenye besimenti ya nyumba ya 1954: nilivyoipima na kuivuta itoke

Huku Minnesota, Marekani, besimenti ya nyumba ya zamani, yaani sehemu iliyo chini ya ardhi, ndiyo huwa chumba cha wageni. Mama akija kutoka nyumbani kukaa miezi 6, analala huko. Watoto wanacheza huko, na anayefanya kazi za usiku anashuka huko mchana kutafuta utulivu. Hewa ya chini ndiyo ya kupimwa kwanza, maana radoni huingilia huko.

Urani iliyo kwenye udongo na miamba huoza polepole na kuwa radiamu, na radiamu hutoa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, mabaki yake hunasa mapafuni na kurusha chembe za alfa. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, inakadiria vifo 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka kutokana nayo. EPA inataka nyumba irekebishwe ikifika pikokyuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa, yaani bekereli 148 kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli 100. Kwa Idara ya Afya ya Minnesota, nyumba 2 kati ya 5 katika jimbo hili zimevuka 4.

Nilianza na vikopo 2 vya mkaa unaonasa radoni. Madirisha na milango ya nje hufungwa kwa muda wa saa 12 kabla ya kipimo na muda wote kinapoendelea. Kikopo nilikiweka sentimita 60 juu ya sakafu, mbali na dirisha, mbali na shimo la pampu ya kutoa maji, kikakaa saa 72. Kikitolewa, kiende maabara siku hiyo hiyo: nusu ya radoni hupotea kila baada ya siku 3.8, na kikopo kilichochelewa njiani hakisomeki vizuri. Majibu yalikuwa 9.6 na 8.9. Ilikuwa Januari, wakati mbaya kuliko yote. Hewa ya moto ndani ya nyumba hupanda na kutokea juu, kisha nyumba nzima hunyonya hewa ya udongoni kufidia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuziba nyufa tu nikidhani kazi imekwisha. Nilipitisha silanti (dawa ya kuzibia) ya poliyurethini kwenye nyufa zote za zege na kwenye kiungo cha sakafu na ukuta. Kipimo kilichofuata kilisoma 8.7, tofauti ambayo hali ya hewa peke yake inaweza kuileta. Ukuta wetu ni wa matofali ya saruji yenye matundu, na matundu hayo yanapanda wima tangu kwenye msingi. Safu ya juu kabisa ilikuwa wazi, kwa hiyo gesi ilikuwa inapita ndani ya ukuta na kumwagikia chumbani kwa juu. Nilikuja kujua baada ya kushika kijiti cha udi kinachofuka juu ya tundu moja: moshi ulisukumwa pembeni kama mtu anaupuliza. Nikayaziba yale ya juu kwa mota. Kuziba kunasaidia mfumo wa kuvuta ufanye kazi, lakini peke yake hakutoshi.

Kinachotibu ni kuifanya presha ya chini ya zege iwe ndogo kuliko ya chumbani, ili hewa ishuke badala ya kupanda. Unatoboa sakafu, unasimamisha bomba, feni inavuta gesi na kuitupa juu ya paa. Nyumba mpya nyingi zina kokoto chini ya zege na tundu moja linatosha. Nyumba za zamani mara nyingi zimemwagiwa zege juu ya udongo mtupu, na msingi wa ukuta wa kati unaweza kuigawa sakafu vipande viwili visivyopitishiana hewa. Ndiyo maana nasisitiza: usinunue feni kabla hujajua kilicho chini.

Kabla ya kugusa drili, angalia vigae. Vile vya miraba ya inchi 9 vya miaka ya 1950, pamoja na gundi yake nyeusi, mara nyingi vina asbesto. Visitobolewe mpaka maabara iseme ni salama. Angalia pia bomba la maji machafu linapita wapi. Na vumbi la zege lina silika, inayodhuru mapafu. Vaa barakoa ya N95 au iliyo bora zaidi.

Nilitoboa tundu kubwa moja, kisha matundu ya majaribio ya milimita 10: moja mita 2 kutoka hapo, lingine mita 5, la tatu ng'ambo ya ukuta wa kati. Mashine ya kufyonza vumbi ikavuta kwenye tundu kubwa, huku mdomo wake wa kutolea hewa nimeupeleka nje, maana hewa hiyo ina radoni nyingi. Nikasoma kila tundu kwa manomita (kipimo cha presha) ya kidijitali ya kuazima. Mita 2: paskali 6 chini ya chumba. Mita 5: 1.5. Ng'ambo ya ukuta: sifuri, na moshi wa udi ukasimama wima bila kutikisika. Sifuri hiyo iliniambia nahitaji matundu 2.

Kila tundu nililipanua kwa tindo hadi inchi 5, nikachota udongo kwa mkono karibu ndoo 2 za lita 20. Hapa wengi hufanya haraka. Shimo dogo kwenye udongo mgumu huisonga feni, kwa sababu hewa haina uso wa kutosha wa kupitia. Kwa kuwa udongo wetu ni mchanga uliochanganyika na mfinyanzi, nilichukua feni ya mvuto mkubwa na hewa kidogo. Kwenye kokoto ungechukua kinyume chake. Matundu nilipomaliza niliyafunga kwa silanti kuzunguka bomba, na shimo la pampu likapata kifuniko cha plastiki chenye skrubu.

Bomba ni PVC ya skedyuli 40 (aina ya ukuta mnene), inchi 3, na mabomba ya matundu yote mawili yamekutana kwenye kiungo kimoja cha T. Nililipandisha ndani ya kabati la ukutani hadi darini, kwani bomba la nje huganda barafu kwenye baridi ya huku. Feni inakaa darini, kamwe si besimenti: bomba la juu ya feni lina presha ya kusukuma, na likivuja linarudisha radoni ndani. Mdomo wa juu umevuka paa kwa sentimita 30, hauna kofia, na uko zaidi ya mita 3 kutoka dirisha lolote. Umeme aliunga fundi mwenye leseni. Feni ni ya wati 60, haizimwi, inakula kama yuniti 43 kwa mwezi.

Hitilafu ilijitokeza wiki ya pili: bomba likaanza kugugumia usiku. Kipande kimoja cha kulala kilikuwa kimebonyea kati ya vishikizo, unyevu wa udongoni ukajikusanya pale na kuziba njia. Kipande cha kulala lazima kiteremke kurudi kwenye tundu, sentimita 1 kwa kila mita, na kishikizo kila mita 1.8. Nilikata, nikapanga upya kwa pimamaji, kelele ikaisha.

Jaribio moja lisirukwe kama hita yako ya maji ni ya gesi na inatoa moshi kwa dohani ya kawaida. Feni ya radoni inaweza kuvuta hewa ya besimenti mpaka moshi wa hita urudi chumbani na kaboni monoksidi yake. Funga nyumba, washa feni za jikoni na bafuni na mashine ya kukaushia nguo, washa hita dakika 5, kisha shika udi kwenye mdomo wa dohani. Moshi wa udi ukiingia ndani ya dohani, salama. Ukirudi chumbani, zima feni ya radoni na umwite fundi wa gesi siku hiyo hiyo. King'ora cha kaboni monoksidi kiwepo vyovyote vile.

Tundu la ng'ambo sasa linasoma paskali 3. Kikopo kilichowekwa siku 2 baada ya kuwasha kilitoa 1.4, na Januari iliyofuata 1.7. Kwenye bomba kuna manomita ndogo ya U yenye maji mekundu. Nimechora mstari wa kalamu pale yanaposimama. Inaonyesha mvuto tu, haipimi radoni. Pande mbili zikilingana, feni imekufa. Mkaa narudia kila baada ya miaka 2, majira ya baridi, na tena wakati wowote tukibadilisha madirisha au tanuru la kupasha nyumba joto.